Wikiendi ya kwanza mlimani kwa bajeti ya marafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya kundi la marafiki wa Moshi au Arusha wanaotaka kuondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili wakiwa bado na nauli ya Jumatatu. Safari yenyewe ni moja: geti la Marangu, mlima Kilimanjaro, hadi kambi ya Mandara na kurudi siku ya Jumamosi, kisha Jumapili ya kutembeatembea bila haraka. Wenye mpango wa kilele, jibu lenu liko kwenye swali la pili na ni fupi.

Kwa nini Mandara na si sehemu nyingine?

Kwa sababu ni sehemu ya Kilimanjaro ambayo mtu wa kawaida, ambaye mazoezi yake ni kukimbilia daladala, anaweza kuifikia na kurudi siku hiyohiyo. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kambi ya Mandara iko mita 2,720. Katikati kuna kilomita 8 hivi za njia iliyotengenezwa vizuri, zote ndani ya msitu. Kupanda kunachukua muda wa saa 3, au 4 kama kundi lenu linapiga picha kila kona. Kushuka ni kama saa 2. Njiani kuna Kisambioni, mahali pa kukaa, kula na kushusha pumzi.

Mkifika Mandara msigeuze hapohapo. Kreta ya Maundi iko mwendo wa dakika 15 hadi 20 kutoka kambini, na huko msitu unaachia: mnatoka kwenye miti mnakuta uwazi, majani mafupi na upepo. Kukiwa kweupe mnaviona vilele vya Kibo na Mawenzi upande mmoja, na upande wa pili tambarare zinazoingia Kenya. Mandhari hiyo ndiyo mnayoilipia. Kundi linaloishia Mandara likashuka bila kuigusa Maundi limekata tiketi ya Dar likashukia Chalinze.

Msitu wenyewe msiupite kama korido. Mbega wako juu ya miti na kima wako chini karibu na kambi wakiviziavizia mikate ya watu. Pembeni mwa njia kwenye unyevu mtaona ua dogo jekundu lenye njano, Impatiens kilimanjari, ambalo halioti kwingine duniani nje ya mlima huu. Kiongozi mzuri atawaonyesha bila kuulizwa.

Tukikaza, kilele hakiwezekani?

Wikiendi haitoshi. Kwa njia ya Marangu, Uhuru, mita 5,895, ni safari ya siku 5 au 6, na siku ya sita ndiyo inayosaidia mwili kuzoea hewa nyembamba. Kambi ya Horombo, mita 3,720, wapo wanaoifikia na kurudi siku moja, lakini hao wana miguu na mapafu ya kazi hiyo. Nyie anzeni na Mandara.

Theluji tutaigusa? Na ile michezo ya kuteleza juu ya theluji?

Kuiona, ndiyo, mkiwa Maundi na mawingu yakiwa na huruma. Kuigusa, hapana. Theluji na barafu viko Kibo, juu sana kuliko mtakapofika, na barafu yenyewe inaisha: zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka.

Ya kuteleza kwa mbao miguuni sahauni hapa. Kwa Afrika michezo hiyo ina vituo vyake Lesotho kwenye milima ya Maluti, panaitwa Afriski, na Morocco kule Oukaïmeden juu ya Marrakech. Ni pazuri, ila hiyo ni bajeti ya tiketi ya ndege na pasi ya kusafiria. Huku kwetu bajeti ni ya kosta na bodaboda.

Tuwe wangapi?

Sita. Noah moja inawachukua na mabegi yao bila mtu kukaa na begi mapajani, na kiongozi anaweza kuwaona wote kwa jicho moja. Wanne ni sawa pia, ila gharama ya kila mmoja inapanda. Kumi mnageuka msafara: kuna watakaotaka kukimbia, watakaotaka kukaa, na mtashinda siku nzima mkihesabiana.

Mchango tuukusanye vipi bila kugombana?

Safari nyingi za marafiki zinafia kwenye swali hili, kwa sentensi moja: "Mimi nitalipa tukifika."

Kwanza tenganisheni gharama za aina mbili. Kuna za kundi, ambazo hazipungui hata mtu mmoja akikosa: gari la kukodi, kiongozi, chumba, chakula cha pamoja. Halafu kuna za kichwa: kiingilio cha hifadhi, nauli yako ya kutoka Arusha, viatu vyako vya kukodi. Za kichwa kila mtu abebe mwenyewe. Za kundi ndizo za kuchangiwa mapema.

Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: gharama za kundi ni shilingi 180,000, mko sita, kila mtu 30,000. Ijumaa mchana wawili wanaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba wamepata dharura. Mmebaki wanne na kila mtu sasa ni 45,000. Hakuna aliyeibiwa, ila watu wanne wanaanza safari wakiwa na kinyongo, na wawili waliobaki nyumbani wana amani yao. Kwa hiyo kubalianeni tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba sehemu ya kundi hairudishwi. Anayejitoa atafute wa kumrithi kiti.

Chagueni mweka hazina mmoja, na asiwe yule mcheshi wa kundi. Awe yule anayeudhi kidogo, anayekumbuka nani alikopa soda mwaka juzi. Wekeni siku ya mwisho ya kulipa, walau siku 10 kabla ya safari. Kila anayetuma kwa simu atume na ya kutolea, maana makato ya watu sita yakimwangukia mweka hazina peke yake atakuwa ameidhamini safari bila kupenda. Mwisho ongezeni asilimia 10 ya akiba juu ya jumla. Bodaboda za mvua, betri ya tochi na dawa ya kichwa vitatoka humo.

Getini tunalipa sawa na wageni wa nje?

Hapana. Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana ukilinganisha na dola 70 kwa siku, kabla ya kodi, anazotozwa mgeni wa nje. Ila unafuu huo unathibitishwa kwa karatasi. Kila mtu aje na kitambulisho cha Taifa au pasi ya kusafiria. Sura ya Kitanzania na Kiswahili fasaha havitoshi dirishani. Mwenzenu ambaye si raia mpigieni hesabu yake mapema, na mwambieni kabla hajasema ndiyo.

Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu. Mnapewa namba ya malipo ya serikali, mnalipa kwa simu au benki, mnapata risiti. Mtu akikwambia umtumie kiingilio kwenye namba yake binafsi ili "akurahisishie", mwambie asante na uendelee na mambo yako. Viwango hubadilika, kwa hiyo pigeni simu ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), ambazo ziko hapohapo Marangu, wiki ya kupanga na si wiki ya safari.

Lazima tuchukue kiongozi? Ni siku moja tu na njia inaonekana.

Lazima. Kilimanjaro haupandwi bila kiongozi mwenye leseni, hata kwa safari ya kwenda Mandara na kurudi. Na hata isingekuwa lazima ningewaambia mchukueni. Njia inaonekana, ni kweli, lakini kiongozi ndiye anayejua kwamba yule mwenzenu aliyenyamaza ghafla ana tatizo, ndiye anayesema geuzeni wakati nyie bado mnabishana, na ndiye mwenye simu ya kumpigia mtu sahihi.

Mpate kupitia kampuni iliyosajiliwa au kwa utaratibu wa pale getini, si kwa kijana aliyewafuata stendi akiwa na picha za wazungu kwenye simu. Ulizeni maswali matatu: leseni iko wapi, bei inahusisha nini, na chakula chake kiko upande wa nani. Hilo la chakula husahaulika, kisha kiongozi anawatazama mkila. Mwisho wa siku mpeni asante yake. Si lazima iwe kubwa, ila kubalianeni mapema kiasi gani, na itoke kwenye mchango, si kwa kupitisha kofia kwenye maegesho watu wakiwa wamechoka.

Tunafikaje Marangu kutoka Moshi?

Ni kama kilomita 40. Magari ya Marangu yanapakia stendi ya Moshi, yanashika barabara ya Himo, yanakata kushoto kupanda hadi Marangu Mtoni. Kutoka Mtoni hadi getini ni kama kilomita 5 za kupanda, na hapo ni bodaboda au gari dogo. Msizitembee kilomita hizo asubuhi mkidhani mnapasha misuli; mnachoma nguvu za Kisambioni.

Kama mko sita na mnalala Moshi, Noah ya kukodi kwenda na kurudi hufanya hesabu nzuri kuliko inavyoonekana mwanzoni, kwa sababu jioni mkishuka mmelowa na mmechoka, kusubiri gari lijae Mtoni ni adhabu. Elewaneni na dereva saa ya kuwachukua, na msimlipe yote asubuhi.

Na sisi wa Arusha?

Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 na kosta zinatoka siku nzima. Ondokeni Ijumaa mapema iwezekanavyo, maana foleni ya kutoka mjini na vituo vya askari wa barabarani vinaifanya safari fupi iwe ndefu. Ukiondoka kazini saa 11 jioni, kufika Marangu usiku huohuo kunachosha bure, laleni Moshi.

Kuna mnaouliza kwa nini msiende tu Meru, uko dirishani kwenu. Meru ni mlima mzuri, na mimi naona haupewi heshima yake kwa sababu ya jirani yake. Lakini kilele chake, kinachozidi mita 4,500, ni safari ya siku 3 au 4 kupitia kambi za Miriakamba na Saddle. Kwa siku moja, kilicho karibu zaidi ni matembezi ya chini ndani ya Hifadhi ya Arusha, ukiingilia Usa River: maporomoko ya Tululusia, maziwa ya Momella, na askari mwenye bunduki mbele yenu kwa sababu ya nyati. Ni siku nzuri kabisa, ila si siku ya kupanda mlima.

Tulale wapi bila kuumia?

Kama mna shangazi Marangu, Kilema au Mwika, huu ndio wakati wa kumkumbuka, na msiende mikono mitupu: sukari, sabuni, majani ya chai. Wasio na shangazi, gesti za Moshi mjini zina ushindani mkubwa kuliko za juu mlimani, kwa hiyo bei zinajadilika. Marangu mnafaidi kuamka mkiwa karibu na geti. Chaguo langu ni Ijumaa Moshi na Jumamosi Marangu, kwa sababu baada ya kushuka hakuna anayetaka kukaa tena kwenye gari.

Vibanda vya mbao vya Mandara vinalaza watu na mnaweza kuomba nafasi, ila vina ada yake juu ya kiingilio, na mtahitaji mifuko ya kulalia. Kwa mara ya kwanza na kwa bajeti hii, viacheni.

Hatuna nguo za mlimani wala hela ya kuzinunua. Tuvae nini?

Anzeni na hesabu ya baridi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini pako chini ya mita 1,000, Mandara ni 2,720. Kwa hiyo siku ambayo mjini ni nyuzi 28, Mandara mtakuta kama 17, na ukungu ukishuka jasho lote ulilotoa linageuka baridi mgongoni. Anayekuhangaisha kule ni unyevu, na ndiyo maana jinzi ibaki nyumbani. Ikilowa haikauki, inakuwa nzito, na inakuchuna mapaja.

Vaa tabaka. La ndani liwe kitambaa kinachokauka haraka: jezi ya mpira inafaa sana, Simba au Yanga hilo mtajuana wenyewe. Juu yake sweta la sufu au la manyoya laini. La nje liwe koti la mvua. Suruali ya mazoezi inatosha. Kofia ya sufu, soksi pea mbili, na fulana moja kavu iliyofungwa vizuri ndani ya begi mtakayobadilisha Mandara. Hiyo fulana kavu ina thamani kuliko kitu chochote cha bei mtakachobeba.

Sokoni sasa. Moshi mnakwenda Memorial au Kiboroloni, Arusha mnakwenda Kilombero na Samunge. Koti la mvua msilinunue kwa macho. Ligeuze ndani nje, angalia mishono ya mabegani: koti la kweli lina utepe uliogandishwa juu ya mshono, na ukiwa umeanza kuchanuka na kukunjamana, maji yataingilia hapo. Kisha mwombe muuzaji, kwa upole, umwage maji kidogo ya chupa begani. Yakikusanyika matone na kuteremka, nunua. Yakinywewa na kitambaa kikabadilika rangi, hilo ni koti la upepo tu, lipunguzie bei au liache. Vuta zipu juu chini mara kadhaa kwa mkono mmoja, maana mlimani mkono wa pili utakuwa na fimbo.

Buti za mtumba zinadanganya zaidi. Buti inaweza kuwa na ngozi safi inayong'aa na soli iliyokufa, kwa sababu ile sehemu laini ya katikati ya soli inazeeka hata buti ikikaa kabatini. Ishike kisigino na ncha, ikunje kwa nguvu, tazama pale soli inapokutana na ngozi. Ukiona mstari unafunguka, au ukibonyeza kwa kucha soli inamegeka unga, rudisha kwenye fungu hata kama bei inakuita. Soli inayoachia kilomita ya 5 kwenye tope haishonwi na mtu. Raba yenye meno mazuri chini ambayo umeshaizoea ni bora kuliko buti mpya iliyonunuliwa Alhamisi.

Kuna haja ya kukodi chochote?

Fimbo za kutembelea, pea moja kwa mwenye magoti mabovu, na koti la mvua kwa aliyekosa sokoni. Maduka ya kukodisha vifaa yapo Moshi mjini. Kagua mbele ya mwenye duka, piga picha palipochanika, ndipo utoe dhamana yako.

Tubebe chakula na maji kiasi gani?

Maji lita 2 hadi 3 kwa mtu, kwenye chupa za kudumu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki ni marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo msifike getini na rambo mkaanza kuhamisha maandazi kwenye kofia.

Chakula kiwe kile tumbo lenu linakijua: mayai ya kuchemsha, viazi, chapati, ndizi mbivu, karanga, kashata. Asubuhi kabla ya kuondoka, kama mmelala upande huu, mtori bakuli moja kila mtu. Hakuna kifungua kinywa cha hotelini kitakachokubeba hadi Kisambioni kama mtori.

Maganda yote yanashuka na nyie, hata ya ndizi.

Tujiandaeje kimwili, na mwendo uwe vipi?

Wiki tatu kabla, kila mmoja atembee kwa kasi muda wa saa moja mara tatu kwa wiki, na wikiendi moja mpande mwinuko wa kweli pamoja. Watu wa Moshi mna bahati, barabara yoyote ya kwenda Uru au Kibosho ni mazoezi. Wa Arusha pandeni kuelekea Sakina juu na Ilboru.

Mlimani kipimo ni mdomo: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda mbio. Wa polepole zaidi atembee mbele, nyuma ya kiongozi. Akiwekwa nyuma atakuwa anawafikia nyie mkiwa mmeshamaliza kupumzika, mnasimama, na yeye hapati pumziko kabisa.

Kushuka ndiko kunakovunja watu. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, na kabla ya kuanza kushuka kaza kamba za viatu pale juu karibu na kifundo ili vidole visigonge mbele. Jumapili utanikumbuka kwa hilo.

Hewa nyembamba itatuumiza? Nani asiende?

Kwa wengi Mandara haina shida. Matatizo ya kimo kwa kawaida huanza kujitokeza kuanzia mita 2,500 na kuendelea, na nyie mtakuwa hapo kwa muda mfupi. Mtu akipata kichwa kikali, kichefuchefu au kizunguzungu, dawa ni kushuka. Asipewe vidonge akasukumwa aendelee.

Mwenye selimundu asipande bila kuzungumza na daktari wake kwanza. Hewa pungufu, baridi na kupungukiwa maji ni mambo matatu yanayoweza kumletea maumivu makali, na yote yako mlimani. Vivyo hivyo mwenye pumu, presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo, na mjamzito. Mwenye mafua mazito asubiri safari ijayo. Haya yaulizwe faraghani na mweka hazina au mratibu, si kwenye kundi la WhatsApp. Watu hawasemi magonjwa yao mbele ya watu wanaowatania.

Kadi ya bima ya afya iwe mfukoni. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi.

Msimu gani unafaa?

Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, msitu wa Marangu unageuka tope na mlima hauonekani. Vuli ya Novemba ni kamari. Juni na Julai ni kavu lakini kuna baridi hasa, na mawingu ya asubuhi hukaa hadi mchana.

Mbali na mvua kuna kalenda ya watu. Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba hadi mwaka mpya Wachaga wote duniani wako njiani kurudi nyumbani: mabasi yamejaa, Noah zimepanda bei, gesti hakuna. Wiki ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Moshi mjini hulali kwa bei ya kawaida. Kuelekea tarehe 9 Desemba makundi mengi hupanda kusherehekea Uhuru. Kuna raha yake, ila njia inajaa.

Asubuhi ya safari mvua ikinyesha?

Mvua ya asubuhi kijijini si lazima iwe mvua ya Mandara. Nendeni getini, mfike saa 2 asubuhi kama mlivyopanga, mwulizeni kiongozi. Akisema twendeni, vaeni makoti. Akisema hapana, msimshawishi.

Mmoja akichoka katikati?

Hapandi peke yake na hashuki peke yake. Kabla ya kuanza mwulizeni kiongozi kama ana msaidizi; kwa kundi la sita linalotembea kwa mara ya kwanza, msaidizi ni pesa iliyotumika vizuri, kwa sababu bila yeye mmoja akirudi mnarudi wote. Na wekeni saa ya kugeuka. Saa 7 mchana ikiwakuta popote, hapo ndipo Mandara yenu ya siku hiyo.

Mbege tunaruhusiwa?

Jumamosi jioni, baada ya kushuka, kwa kiasi. Ijumaa usiku hapana. Mbege inashuka taratibu na mtu anasimama asubuhi akidhani yuko sawa hadi njia inapoanza kupanda.

Spika ya muziki na droni?

Droni bila kibali ni marufuku, itabaki getini. Spika ibaki nyumbani kwa sababu ya mbega na kwa sababu yangu.

Jumapili tufanye nini miguu ikiwa haikunjiki?

Msilale. Miguu iliyochoka inapona kwa kutembezwa kidogo. Mkiwa Marangu, maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Mtoni, kiingilio kidogo na hakuna mlima wa kupanda. Katizeni vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, mkiwa na mwenyeji: kahawa chini ya migomba, mifongo, yaani mifereji ya maji, iliyochimbwa na wazee ambayo hadi leo inagawa zamu za kumwagilia. Pale getini Marangu pia kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na ya Yohani Lauwo wa Marangu anayetajwa kuwa aliwaongoza. Isomeni mkiwa hamna haraka ya kujiandikisha.

Mkiwa mmerudi Moshi, Materuni kule Uru ina maporomoko ya takribani mita 80 na kahawa ya kutwanga wenyewe kwa nyimbo. Kuna mteremko wa kushuka hadi kwenye maji, kwa hiyo waulizeni magoti kwanza. Wa Arusha wapande kosta kabla ya saa 9 alasiri. Zaidi ya hapo mnagombania viti na watu wote wanaowahi kazini Jumatatu.

Pesa ikibaki?

Mweka hazina aandike matumizi yote kwenye kundi Jumapili usiku, risiti zikiwa zimepigwa picha, na agawe kilichobaki palepale baada ya kutoa makato ya kutuma. Ikiwa ni chini ya nauli ya daladala kwa kila mtu, basi apewe yeye. Amewadai watu sita kwa wiki tatu.